Ulezi wa kisheria nchini Kenya: mtoto, mali ya mtoto, na mtu mzima asiyeweza tena kujiamulia

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi za mawakili hapa Mombasa kwa miaka 29, na sikuona neno linalowapotezea watu muda na fedha kama hili neno mlezi. Kila mtu analijua tangu utotoni, na karibu kila aliyeingia ofisini akiwa na hakika kwamba yeye ndiye mlezi alitoka akiwa hana hakika tena. Mimi si wakili, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni maelezo ya mtu aliyechapa hati hizi na kuzipeleka masjala, wala si ushauri juu ya kesi ya mtu fulani.

Nianze na kisa kimoja. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori alipatwa na kiharusi kilichoua upande wake wa kulia na kumwondolea maneno. Fedha zote za nyumba zilikuwa katika akaunti yenye jina lake peke yake. Mkewe alimpeleka benki kwa kiti cha magurudumu, akaomba fomu ya kutoa fedha za matibabu, akakishika kidole gumba cha mumewe na kukichovya kwenye kidau cha wino. Kabla kidole hakijafika kwenye karatasi, meneja wa tawi aliifunika fomu kwa kiganja chake, akamwinamia mzee na kumwuliza kwa upole kama anajua anatia alama kwenye nini. Mzee alikuwa akitazama feni ya darini. Mama yule alikuja kwetu kutoka benki moja kwa moja, mumewe bado ana wino wa zambarau kidoleni, na hasira yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mimi niliamini benki imemdhulumu. Leo naona meneja alikuwa sawa. Ndoa humpa mke haki nyingi, lakini haimpi mamlaka ya kuutumia mkono wa mumewe pale akili ya mumewe inapokuwa haipo nyuma ya mkono huo.

Kesho yake alirudi na hati ya uwakilishi iliyochapwa na mchapaji wa barabarani, imetiwa alama ya kidole kile kile. Hapo ndipo wengi hunaswa. Hati ya uwakilishi hutoka kwa mtu mwenye akili timamu anayejua anampa nani mamlaka gani, na kwa sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza hati ya kawaida hufa siku ile aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua. Kwa maneno mengine, ile uliyoandikiwa na baba yako miaka mitano iliyopita inakutoka mkononi wakati ule ule unapoihitaji zaidi. Waingereza wenyewe walitengeneza hati maalumu inayodumu baada ya uwezo kupotea, katika sheria yao ya mwaka 2005, lakini sisi hatukuifuata njia hiyo.

Njia iliyobaki ni Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, sura ya 248, iliyotungwa mwaka 1989 na kurekebishwa kwa kina mwaka 2022. Jina la sheria huwaudhi watu, kwa sababu mke wa mgonjwa wa kiharusi hapendi kusikia mumewe akiwekwa kapu moja na wagonjwa wa akili. Hata hivyo ndiyo sheria ambayo majaji wameitumia kwa mgonjwa wa kiharusi, kwa mzee mwenye usahaulifu mkubwa wa uzeeni, na hata kwa aliyelala hospitalini bila fahamu baada ya ajali. Mwombaji huapa hati ya kiapo inayoeleza yeye ni nani kwa mgonjwa, mgonjwa ana mali gani na madeni gani, na kwa nini maombi yanaletwa sasa. Anaambatisha ripoti ya daktari inayosema waziwazi kwamba mtu huyu hawezi kusimamia mambo yake, maana barua ya mstari mmoja inayosema "anaumwa" itarudishwa. Anaambatisha pia ridhaa za jamaa wa karibu, hasa watoto watu wazima, na hapa ndipo nimeona majalada yakilala mwaka mzima kwa sababu kijana mmoja aliyeko Nairobi hataki kutia sahihi.

Mahakama inaweza kutoa mambo mawili tofauti, na naomba msomaji asimame hapa kidogo. Inaweza kumteua mlezi wa mtu mwenyewe, yaani wa kuangalia matibabu yake, chakula chake na mahali anapokaa, na inaweza kumteua msimamizi wa mali yake. Wanaweza kuwa mtu mmoja au watu wawili. Msimamizi wa mali hapewi mali. Bila ruhusa maalumu ya mahakama hawezi kuuza shamba wala nyumba, hawezi kuiweka rehani, hawezi kuitoa zawadi au kuibadilisha na nyingine, na hawezi kuipangisha kwa zaidi ya miaka mitano. Haruhusiwi kuwekeza fedha za mgonjwa katika biashara ambayo yeye mwenyewe ana maslahi nayo. Ndani ya miezi sita tangu kuteuliwa anatakiwa kupeleka mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma, yaani ofisi ya serikali inayoshika mali kwa niaba ya wengine, orodha ya mali na madeni, na baada ya hapo hesabu ya kila mwaka. Mama yule wa mwanzo alipata amri yake baada ya miezi kadhaa, na alipoisoma alisema, "Kumbe wamenipa kazi, hawakunipa fedha." Sijapata kusikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Sasa nije kwa watoto, ambako mkanganyiko ni ule ule ila umevaa nguo nyingine. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyofuta ile ya 2001, inatofautisha kukaa na mtoto na kuwa mlezi wake kisheria. Mzazi mmoja akifariki, aliyebaki hai ndiye mlezi, peke yake au pamoja na yule ambaye marehemu alimteua. Uteuzi huo hufanywa kwa wosia au kwa hati, na hati inatakiwa iwe na tarehe na sahihi iliyotiwa mbele ya mashahidi wawili. Mzazi aliyebaki anaweza kumpinga mlezi aliyeteuliwa, naye mlezi akiona mzazi huyo hafai anaweza kwenda mahakamani, na mahakama ndiyo itakayoamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto kabla ya hisia za wakubwa.

Mlezi wa mali ya mtoto si lazima awe ndiye anayelala naye nyumba moja. Shangazi anaweza kukaa na mtoto Kilifi huku ami akisimamia fedha za fidia kutoka Mombasa, na ami huyo anatakiwa kutoa hesabu kila mwaka unapotimia tangu kuteuliwa kwake. Akizembea mpaka mali ikapotea, au akaitia mfukoni, hilo ni kosa la jinai na anawajibika kuilipa yeye mwenyewe.

Jambo la mwisho kwa leo ni la wajane. Mume akifa bila wosia na akaacha watoto chini ya miaka 18, Sheria ya Urithi hairuhusu barua za usimamizi, yaani hati ya mahakama ya kumruhusu mtu kusimamia mirathi, zitolewe kwa mtu mmoja peke yake, isipokuwa awe Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini, kwa kuwa sehemu ya watoto inabaki kuwa amana mpaka wakue. Nimewaona wajane wakidhani shemeji amenunua mahakama anapoambiwa aongezwe msimamizi wa pili. Wa pili si lazima awe shemeji. Anaweza kuwa dada yake mwenyewe, au mtoto wake mkubwa aliyetimiza miaka 18.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Binti wa Lamu

Shukrani nyingi, Bwana Karani. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka tisa, na nipo Ghuba kikazi kwa mwaka wa nne sasa. Mtoto yuko kwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi, na mpaka hivi karibuni hatukupata shida kwa sababu shule inamjua bibi na zahanati inamjua. Mwaka huu nilitaka mtoto aje kunitembelea, bibi akaenda kumwombea pasipoti, akaambiwa yeye si mzazi na karatasi aliyonayo haitoshi. Karatasi hiyo ni barua ya chifu inayosema kwamba bibi ndiye mlezi. Je, ni kweli kwamba barua ya chifu haina kazi?

Karani Mstaafu

Bi. Binti, barua ya chifu ina kazi yake, nayo ni kuthibitisha jambo ambalo chifu analijua kwa macho, kwamba mtoto fulani anaishi na bibi yake katika mtaa fulani. Chifu hana uwezo wa kumhamishia mtu madaraka ya mzazi, na kwa kweli hata wewe huna. Sheria inasema mwenye madaraka ya mzazi hawezi kuyatupa wala kumkabidhi mwingine moja kwa moja, ila anaweza kupanga mtu wa kuyatekeleza kwa niaba yake. Kwa hiyo ulichofanya kumwachia mama yako mtoto ni halali kabisa, lakini mzazi bado ni wewe, na ofisi ya pasipoti inakutafuta wewe.

Usikimbilie mahakamani kabla hujajaribu njia fupi. Nenda ubalozini huko uliko ukatie sahihi ridhaa yako mbele ya afisa, uambatishe nakala ya kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kisha umtumie bibi nakala halisi, kwa kuwa picha ya simu haitapokelewa. Swali ambalo hukuligusa ni la baba. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa mama na baba wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na jina lake likiwa kwenye cheti wataulizia ridhaa yake pia. Kama hajulikani aliko, hapo ndipo Mahakama ya Watoto inapoingia, na hakimu atataka kujua mmemtafuta vipi, kwa nani, na lini.

Binti wa Lamu

Jina lake lipo kwenye cheti. Aliko anajua mwenyewe. Nashukuru, nitaanza na ubalozi.

Mwalimu wa Chuo, Malindi

Assalaamu alaykum. Mwandishi ameeleza vizuri, lakini kwa sisi Waislamu wa Pwani mambo haya yana majina yaliyotangulia Sheria ya Watoto kwa karne nyingi, na ni vyema yatajwe. Kumlea mtoto mdogo kwa mikono, yaani hadhana, ni jambo moja, na uwalii juu ya mali yake ni jambo jingine, na wanazuoni waliyatenganisha kama alivyoyatenganisha yeye. Mama anaweza kuwa na hadhana na mali ikawa chini ya wasii, yaani mtu aliyeachiwa na baba kazi ya kuisimamia. Sura ya An-Nisaa, aya ya sita, inaamuru mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wakabidhiwe mali zao, na makabidhiano yafanywe mbele ya mashahidi. Angalieni kwamba umri peke yake haukutosha, ilitakiwa na busara ionekane.

Jambo la pili ni kafala, ambayo sheria ya 2022 imeitambua kama njia ya malezi mbadala. Mlezi wa kafala humchukua mtoto aliyekosa wazazi akamlea kama wake, lakini nasaba ya mtoto haibadiliki na mirathi haihamishwi. Wengi hapa Malindi walikuwa wakiogopa kuchukua watoto kwa kudhani ofisi za serikali zitawalazimisha kuwaasili kwa jina jipya. Sasa hofu hiyo haina msingi, ila kafala nayo isifanywe kimyakimya baina ya majirani. Afisa wa watoto ajulishwe, kwa faida ya mtoto na ya mlezi pia, maana kesho akitokea jamaa wa kudai mtoto, mlezi asiye na karatasi hana la kuonyesha.

Mzee wa Tanga

Nami niongeze upande wa Tanzania, kwa kuwa wasomaji wengi wa jukwaa hili wako huku na wanaweza kudhani ya Kenya ni yao. Kwetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na sheria hiyo inasema wazazi wote wawili wakifariki madaraka ya mzazi yanaweza kwenda kwa jamaa wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Maneno hayo "utaratibu wa kimila" yamewasaidia watoto wengi kupata pa kulala usiku wa msiba, na yamewaumiza wengine kwa sababu kikao cha ukoo hakiandiki hesabu. Wazazi wakiachana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni afadhali akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Kosa letu kubwa ni kuchanganya mlezi na msimamizi wa mirathi. Ukoo unakaa, unampendekeza ami, muhtasari wa kikao unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, ami anateuliwa, na kuanzia siku hiyo anatembea kama aliyerithi. Msimamizi ni mtumishi wa mirathi. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurejesha Fomu Namba 5 ya orodha ya mali na Namba 6 ya hesabu ndani ya miezi minne, na nimeshuhudia hakimu akiwauliza watu fomu hizo baada ya miaka sita. Mjomba wa watoto, yule asiyependwa kwenye vikao kwa sababu anauliza maswali, ndiye mara nyingi aliyeokoa nyumba. Ana haki ya kwenda kwa hakimu kuomba msimamizi aitwe atoe hesabu, na akishindwa usimamizi wake unaweza kutenguliwa.

Kama hakuna jamaa anayeaminika, watu wasisahau RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali. Wengi wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, kumbe ndiko iliko ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, inayoweza kusimamia mirathi.

Mwenye Magongo

Nimesoma kwa makini, na nina dukuduku kuhusu sehemu ya watu wazima. Mwandishi anaeleza ulezi kana kwamba ni dawa ambayo tatizo lake ni foleni ndefu. Mimi nilipata maradhi ya akili nikiwa na miaka 26. Nililazwa miezi miwili. Nilipotoka nilikuta kaka yangu amekwisha kufungua maombi mahakamani, ana ripoti ya daktari aliyeniona mara moja nikiwa nimechomwa sindano ya usingizi, na anasimamia kodi za vyumba vitatu nilivyojenga kwa jasho langu. Hakuna aliyeniita wala kuniuliza. Nilipona kiasi cha kurudi kazini, lakini ilinichukua miaka kuwathibitishia watu kwamba nimepona, kwa kuwa kila nilipokasirika kaka alisema, "Mnaona?"

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema tuna uwezo wa kisheria sawa na watu wengine, na kwamba serikali itupatie msaada tunaouhitaji katika kuutumia uwezo huo. Mwaka 2014 kamati inayousimamia mkataba ilieleza wazi kwamba mfumo wa mtu mwingine kukuamulia unapaswa kuachwa, na mahali pake uwepo mfumo wa kusaidiwa kuamua. Naomba mwandishi asiwafundishe watu njia ya mahakamani bila kuwaambia kwamba upande wa pili wa jalada lile kuna mtu.

Karani Mstaafu

Ndugu Mwenye Magongo, nakubali, na kwa sehemu nakiri kosa. Katika miaka yangu ya mwanzo tulikuwa tukichapa maombi haya bila hata kuuliza kama mhusika anajua yameletwa. Jina lake liliandikwa juu ya jalada nasi tukamwita "mhusika", na wengi wao sikupata kuwaona sura. Baadaye nilifanya kazi chini ya wakili aliyekuwa na desturi moja ambayo wakati huo niliiona ni kupoteza nauli. Hakuwa akipeleka maombi mpaka amekwenda mwenyewe nyumbani au hospitalini, akaketi na mtu huyo bila jamaa chumbani, na kumwuliza leo ni siku gani, watoto wake ni wangapi, na angependa nani amshikie fedha. Mara mbili alirudi ofisini na kuwarudishia jamaa karatasi zao, kwa sababu mzee waliyesema hajitambui alikuwa amemweleza bei ya samaki wa juzi na jina la mwanawe asiyemwamini.

Majaji nao wamebadilika, na wengi sasa hutaka mhusika aletwe mahakamani au aonekane kwa video, na wakati mwingine huagiza ripoti ya daktari wa pili. Marekebisho ya mwaka 2022 yameingiza katika Sheria ya Afya ya Akili wazo la msaidizi, mtu anayechaguliwa na mgonjwa mwenyewe kumsaidia kufikiri na kueleza uamuzi wake, na la mwakilishi pale inapolazimu. Aliyepona, au ambaye hakustahili kuwekewa msimamizi tangu mwanzo, ana haki ya kurudi mahakamani kuomba amri ifutwe, na hesabu za msimamizi ni hati ya kwanza anayopaswa kuidai. Kwa aliye kama wewe, ningetaka kujua kodi za miezi yote ile ziliingia akaunti gani.

Pale ninapotofautiana nawe ni kwa yule mzee wa kiharusi aliyekuwa akitazama feni. Huyo hakuwa na uamuzi wa kusaidiwa, na mkewe alihitaji dawa wiki ile. Nisingependa sheria ifike mahali pa kumwacha bila mlango.

Mwenye Magongo

Kwa mzee yule sina ubishi. Kodi ziliingia akaunti ya kaka, na hesabu sikuipata hadi leo.

Mama wa Wawili

Samahani kwa kuingia nimechelewa. Nina mapacha, wa kiume na wa kike. Wa kiume ana mtindio wa ubongo, hatembei, mikono yake haimtii, na maneno yake wanaoyaelewa ni sisi wa nyumbani. Watatimiza miaka 18 mwezi wa Machi. Baba yao alifariki ajalini, na mahakama ilinifanya mlezi wa fidia yao, iliyoko katika akaunti ya amana. Jirani ameniambia kwamba wakishatimiza miaka 18 benki itampa kila mtoto fedha zake mwenyewe na ulezi wangu utakwisha. Binti yangu sina wasiwasi naye. Huyu mwingine atatiaje sahihi? Naogopa kuambiwa mwanangu ni mtu mzima halafu nifukuzwe dirishani kama yule mama wa mwanzo.

Karani Mstaafu

Mama, jirani yako amesema kweli, na nakuomba usisubiri Machi. Ulezi wa mtoto hukoma kwa kawaida anapotimiza miaka 18, lakini sheria inaruhusu mahakama kuuongeza muda kupita siku hiyo kukiwa na sababu maalumu, mojawapo ikiwa ni ulemavu au maradhi yatakayomfanya ashindwe kujikimu au kusimamia mambo yake na mali yake bila msaada wa mlezi. Amri hiyo inatakiwa itolewe kabla ya siku ya kuzaliwa. Ukikawia hata wiki moja utaambiwa huyu si mtoto tena, na utalazimika kuanza upya Mahakama Kuu kwa njia ya watu wazima, ambayo ni ndefu na ina gharama zaidi. Chukua cheti cha kuzaliwa, ile amri ya zamani ya ulezi, taarifa za akaunti, hesabu ulizokuwa ukitoa kila mwaka, na ripoti mpya ya daktari anayemtibu.

Kabla ya yote hayo nina swali, na ndugu yetu Mwenye Magongo ndiye aliyenifanya niliulize. Umeeleza mwili wa mwanao, hukueleza akili yake. Je, anaelewa fedha ni nini? Akiulizwa anataka nini, ana njia ya kujibu?

Mama wa Wawili

Anaelewa kila kitu. Shule walimtengenezea ubao wa herufi, anaangalia herufi moja moja kwa macho na dada yake anazisoma. Hesabu anamshinda dada yake.

Karani Mstaafu

Basi jambo lako si la usimamizi kamili, na ningekuwa mimi ningemwambia wakili aseme hivyo kwenye kiapo tangu aya ya kwanza. Mtu anayeelewa hapotezi haki ya kuamua kwa sababu mkono wake hauwezi kushika kalamu. Kuna kutia alama ya kidole mbele ya shahidi baada ya kusomewa, na kuna akaunti inayohitaji sahihi za watu wawili. Mahakama inaweza kuombwa iongeze ulezi wako kwa mali tu, kwa kiasi anachohitaji na kwa muda utakaowekwa, huku mambo mengine yakibaki mikononi mwake. Afisa wa watoto atakapokuja nyumbani kuandika ripoti, ubao ule uwe mezani na dada yake awepo, ili mtoto aulizwe mwenyewe. Mahakama ina wajibu wa kuzingatia maoni ya mtoto kwa kadiri ya umri na ufahamu wake, na wa miaka 17 anayemshinda pacha wake hesabu ana maoni.

Mama wa Wawili

Nilimsomea uzi huu wote jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akatazama herufi, dada yake akaandika kwenye daftari: "Sahihi mbili. Ya pili yangu." Baadaye akaongeza kwamba anataka kuziona hesabu za miaka yote tangu baba yao afariki. Stakabadhi ninazo, nyingine zimefutika kwa jasho la mkoba. Jumatatu nakwenda kwa wakili, na leo naanza kuzipanga kwa miaka.